Sura ya Tisa: Magari Yaliyolala Nje ya Lango

Monari alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Awino tangu asubuhi. Katika kazi ya upelelezi, mtu anayekana kosa hukupa pa kuanzia. Unamvuta huku, unamsukuma kule, mwishowe anateleza. Lakini mtu anayekaa mbele yako na mkono wake kwenye bendeji, akakwambia bila hata kuulizwa kwamba alikuwa anakimbiza gari kilomita mia moja arobaini kwa saa na kwamba yeye ndiye aliyemuua mkewe, huyo amekufungia mlango usoni.

"Kesho anaenda kortini, anakiri, anafungwa," alisema Konstebo Mosoti. "Kesi imeisha, madam. Sasa tunatafuta nini hapa?"

Walikuwa wamesimama nyuma ya kituo, mjini Homa Bay, wakilitazama gari la Monari, au tuseme kilichobaki. Lilikuwa saluni la bluu lenye turbo, la aina ile ambayo watu kutoka Migori hadi Ndhiwa walikuwa wameibatiza Kwach, yaani chui kwa Kiluo. Siku hizi kila mtu alitaka Kwach. Mwalimu, muuza dawa, mzee wa kanisa, wote walitaka gari moja liwafanyie kazi tatu: libebe watoto, lisitoboe mfuko, na likikanyagwa liwaache wengine kwenye vumbi. Monari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ndhiwa, alikuwa amelipata lake mwaka huu, na majirani wakamwonea wivu kweli kweli.

Sasa lilikuwa vipande viwili. Cha mbele kilikuwa kimeingia mtaroni na kutoka na mikwaruzo. Cha nyuma, alimokuwa amekaa Edinah, mke wa Monari, kilikuwa kimegongwa na lori la mchanga lililokuwa likija upande wa pili, na hapakuwa na haja ya mtu kukiangalia mara mbili. Familia ilikuwa njiani kwenda makambi ya kanisa. Edinah alikuwa mochari akisubiri kuzikwa Jumapili, na kaka yake, Ondieki, alikuwa ameshatangaza kwamba shemeji yake akikanyaga mazishini patakuwa na jeneza la pili. Ondieki huyo huyo ndiye aliyemchukua Nyamusi, binti wa Monari wa miaka kumi na mmoja, baada ya hospitali kumruhusu.

"Mkaguzi wa magari aliandika nini?" aliuliza Awino.

"Mwendo wa kasi. Na ni kweli, madam. Gari haiwezi kukatika hivi kama mtu alikuwa anaenda pole pole." Mosoti alikuwa Mkisii kama Monari, Msabato kama Monari, na kwa sababu hiyo alimkasirikia mara mbili.

Awino alilisogelea gari. Alichuchumaa penye mkato. Chuma kikipasuliwa na ajali hujikunja, huchanika ovyo, huacha meno. Hiki kilikuwa kimenyooka kutoka kizingiti cha mlango mmoja hadi kingine, kana kwamba fundi cherehani alikikata kwa kufuata chaki. Alitoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu nyumbani kwake, akaiweka mlangoni. Ikashika. Akaisogeza hadi kwenye kizingiti, karibu na mkato. Ikaanguka. Akaiokota, akazunguka upande wa pili, akaiweka mahali pale pale. Ikaanguka tena.

Alikwaruza rangi kwa ufunguo. Chini yake ulitoka unga mkavu wa kijivu.

"Filla," alisema Mosoti. Filla ni ule uji mgumu ambao mafundi hujazia bodi iliyobonyea. Aliinama naye, akaona chini ya unga ule mstari wa kuchomelea umepita kama kovu. "Hii gari ilikuwa mbili."

"Ilikuwa nusu mbili. Nusu ya moja, nusu ya nyingine."

"Sawa. Lakini bado alikuwa anakimbia. Amesema mwenyewe."

"Nani mwingine alimwona akikimbia?"

"Kina mama wa soko ya Ndhiwa. Walisema Kwach mbili zilipita zimefuatana, ya bluu mbele, nyeupe nyuma, honi juu. Walikuwa wanashindana."

"Basi twende kwa huyo wa nyeupe," alisema Awino.

Huyo wa nyeupe hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa Nicholas Maranga, mtu wa Kehancha aliyehamia Macalder kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na tangu siku ya ajali gari lake lilikuwa halijaonekana barabarani. Kwa Mosoti huo ulikuwa ushahidi tosha. Walimkuta kwenye kibanda chake, mizani mbele yake, gari limefichwa nyuma chini ya turubai. Alipoona kitambulisho cha polisi aliifunika mizani kwa gazeti, jambo la kipumbavu, maana wote walikuwa wameshaiona.

"Ulikuwa unashindana na Monari," alisema Mosoti kabla hajakaa.

"Kushindana na nani? Yule mzee alikuwa amenikalia mbele kama gari ya kubeba maiti. Nilipiga honi mpaka kidole kikachoka."

"Mwendo gani?" aliuliza Awino.

"Sitini. Akijitahidi sana, sabini. Madam, mtu na Kwach anaenda sitini! Si hayo ni matusi?"

"Mbona wewe ulitoroka?"

Maranga alilitazama gazeti lililofunika mizani. "Nilikuwa na mzigo."

"Dhahabu isiyo na kibali."

"Nilikuwa na mzigo," alirudia. "Lakini sikutoroka hapo hapo. Nilitoa mtoto kwanza. Nikamkalisha kando ya barabara, nikamwambia usiangalie huko, niangalie mimi. Watu walipojaa ndiyo nikaenda."

Aliposema hivyo jino lake moja la juu liling'aa. Awino na Mosoti walitazamana. Nyamusi alikuwa amewaambia wauguzi kwamba alitolewa garini na mtu mwenye jino la dhahabu, na wauguzi wakadhani mtoto anaweweseka.

"Tuambie uliona nini," alisema Awino, sauti yake ikiwa imelegea kidogo.

"Kuna tuta karibu na shule, kabla ya Rodi. Alipunguza kabisa, akalipanda kama mtu amebeba mayai. Gari ikashuka, ikaanza kwenda. Halafu nikaona lami. Unanielewa, madam? Nikaona lami katikati ya gari ya mtu. Mbele imeenda kushoto, nyuma imezunguka kulia, na lori inakuja." Alilinyoosha gazeti juu ya mizani. "Mimi ndiyo wangesema nimemuua, na huo mzigo ndani. Mtu mwenye Kwach huwa hana wa kumtetea."

Mosoti aliandika kila neno. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Awino aliliendea gari lililokuwa chini ya turubai, akatoa sumaku. Ilishika mlangoni. Ilishika kwenye paa. Kwenye kizingiti, nyuma kidogo ya kiti cha dereva, ilianguka mavumbini.

Maranga aliitazama pale chini. Hakuhitaji kuelezwa, maana biashara yake yote ni kutofautisha madini na takataka.

"Kabla ya hiyo ajali nilikuwa napeleka wanangu shule na hii," alisema.

"Nani alikuuzia?"

"Willis. Migori. Si ndiye anauzia kila mtu?"

Yadi ya Willis ilikuwa Migori mjini, kando ya barabara kuu, na Awino aliingia wakati mwenyewe akiwa katikati ya kupiga domo. Willis alikuwa mtu mnene, mcheshi, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza. Alikuwa anamzungusha mwalimu mkuu mmoja kuzunguka saluni jekundu. Mwalimu aliuliza maswali mawili tu: kama kiti cha nyuma kinatosha watoto watatu na nyanya yao, na kama likikanyagwa linatoka. Habari ya breki haikumpitia akilini. Awino alisimama akasikiliza, akakumbuka kwamba mumewe mwenyewe alikuwa ameuliza yale yale juzi wakila chakula cha jioni.

Alimpa Willis nafasi ya kumwonyesha adabu za biashara, kisha akamwambia kilichomleta.

"Monari? Wuololo, madam, nimelia." Willis aliweka mkono kifuani. "Lakini hii yadi yangu magari yote ni ya Mombasa, bandarini moja kwa moja. Pima yoyote. Monari alichukua gari safi. Akienda kugonga huko, akatengenezewa na fundi wa chini ya mti, mimi nitajuaje?"

"Alikuambia amegonga?"

"Mteja akigonga huwa hakuambii. Anaona aibu."

Awino alipima. Alipita gari baada ya gari, na sumaku ikashika kila mahali kama kupe. Willis alimfuata nyuma akimfungulia milango, akimwambia asisahau kule chini, hata akamshikia mkoba. Mosoti aliinamisha uso. Maelezo ya Willis yalikuwa na kichwa na miguu, na kortini wakili yeyote angeyashikilia hapo hapo: gari liliuzwa zima, mwenyewe akaliharibu, akaliunga, akaua. Kwa maelezo hayo Monari angebaki pale pale alipojiweka.

"Asante," alisema Awino. "Hizi ndizo zote?"

"Ndizo hizi, madam. Sina zingine."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika getini. Aligeuka, mtu mwungwana asiye na hili wala lile. "Bwana Willis, basi ile ya kijivu uliniambia iko kwako nyumbani? Ile ya bei ya chini. Nikirudi Jumatatu nitaikuta?"

Willis alikohoa. Alikohoa kwa muda mrefu zaidi ya inavyohitajika.

Nyumba ya Willis ilikuwa nje ya mji, barabara ya kwenda Macalder, na mtu asingeweza kuipita bila kuiona. Ukuta mrefu, lango la chuma la kupitisha basi, na ndani uwanja ambao ungetosha mechi ya shule mbili. Lango lilikuwa wazi. Kivulini, chini ya bati jipya, kulikuwa na trekta, pikapu, na ng'ombe wawili waliolala raha mustarehe. Ng'ambo ya barabara, kwenye kichaka cha mikaratusi, nje kabisa, kulikuwa na saluni tatu, ya kijivu ikiwa mbele. Mvua ya usiku ilikuwa bado imetuama juu yao.

Mosoti alikuna kichwa. "Madam, sijaelewa huyu mtu. Jembe la trekta limelala ndani. Ng'ombe ndani. Gari za kuuzwa ndiyo zinanyeshewa nje, bila hata mlinzi? Mtu na pesa yake?"

Awino alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametulia tuli. Yeye alizaliwa Ndhiwa. Mjomba wake alifia kwenye pikapu yake mwenyewe, na pikapu ile ilioza nje ya boma miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuipitisha langoni kabla haijaoshwa. Alikuwa na umri wa kucheza, na walikatazwa hata kuigusa.

Alivuka, akapima ya kijivu. Sumaku ikaanguka. Akapima ya pili na ya tatu, na zote zikaiangusha mahali pale pale.

Mama mzee alitoka langoni kwa mkongojo kuwaangalia wageni wake. Alikuwa mama yake Willis. Awino alimwamkia kwa Kiluo, akainama kidogo inavyotakiwa, na wakaulizana habari za nyumbani mpaka wakagundua kwamba dadake mama yule aliolewa karibu na kwa kina Awino. Baada ya hapo alikuwa mtoto wake.

"Mama, mbona magari yameachwa nje namna hii? Si yataibwa?"

"Nani ataiba kitu kama hicho?" Mzee alitema mate pembeni. "Hayo ni magari ya watu waliokufa, mwanangu. Damu ya barabarani hiyo. Hayawezi kupita lango la dala, boma langu, mpaka mtu wa manyasi aje na dawa zake ayaoshe. Yakiingia hivi hivi, yataita mmoja wetu."

"Nani alikuambia kuna watu waliokufa humo?"

"Willis mwenyewe. Huletewa mabaki na malori, akayashusha hapo, akaniambia, mama, hayo waache watoto wasiyakaribie." Alitabasamu, na fahari ikamjaa usoni. "Watu husema vijana wa pesa wamesahau mambo ya nyumbani. Wangu hajasahau. Hajawahi kuingiza hata moja."

"Kulikuwa na la bluu?"

"Lilikaa hapo muda. Fundi akaja akaliunga hapo hapo chini ya miti, na jingine jeupe pia. La bluu alilichukua Mkisii mmoja mpole sana, alikuja na mke wake na binti. Mke alinisaidia kuanua mahindi."

"Waliambiwa?"

"Waambiwe nini? Watu wa kuja hawana hayo mambo. Wetu wa hapa hawezi kuwauzia, wangeuliza gari lililala wapi." Alisema hivyo kwa upole kabisa, akaenda zake kuwatengenezea chai.

Awino aliona haya kumwacha mama yule amsifu mwanawe namna ile, lakini alimwacha. Mosoti, ambaye hakuelewa Kiluo, alikuwa amesubiri kwa adabu. Alipotafsiriwa, uso wake ulibadilika pole pole, na alipozungumza, sauti yake haikuwa ya konstebo.

"Kwa hivyo aliogopa ilale kwake. Lakini kwa Monari ilale."

"Ndiyo."

"Mlangoni pa watoto."

"Ndiyo, Mosoti."

Willis hakuwaweka sana. Alikuja mbio na pikapu nyingine, vumbi nyuma yake, akapunguza kuingia langoni, ndipo akawaona ng'ambo na kusimama. Alishuka akitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limechakaa.

"Madam, hizo si za kuuza. Ni vyuma chakavu."

"Mwalimu mkuu anakuja Jumatatu kuchukua chuma chakavu?"

"Yule mzee hajui anachosema."

"Kwa nini hazilali ndani?"

"Nafasi hakuna."

Awino aliutazama uwanja ule kupitia lango wazi. Ng'ombe mmoja aliinuka, akajigeuza, akalala upya akiwa amejinyoosha. Hata Willis aliona upuuzi wa jibu lake.

"Sawa, ni mama," alisema. "Unajua wazee. Ni mila tu. Na mila si ushahidi kortini, madam, hata wewe unajua."

"Mila si ushahidi. Kujua ndiyo ushahidi. Uliniambia yadini kwamba gari la Monari lilitoka bandarini likiwa safi, na kwamba likiharibiwa baadaye huwezi kujua. Lakini lililala hapa nje, kwa sababu ulijua limetoka kwenye ajali, na fundi wako akaliunga hapa. Sasa niambie tena kwamba hukujua."

"Nani amesema lililala hapa?"

"Mama yako."

Willis aliangalia nyumba. Moshi wa chai ulikuwa unatoka jikoni. "Mama hawezi kunishtaki."

"Hajakushtaki. Alikuwa anakusifu."

Hapo ndipo Willis alipokasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyejiandalia maneno muda mrefu akikosa wa kumwambia. "Mnataka nifanye nini? Simu inalia kutoka asubuhi. Willis, nitafutie Kwach, nina watoto. Willis, iwe na turbo, na isizidi bei ya bodaboda mbili. Bei hiyo gari nzima iko wapi? Ikitoka Japani ikiwa nzima hawawezi hata kununua viti. Wanajua! Kila mmoja wao anajua kuna kitu, anafumba macho anachukua. Na nikiacha mimi, kesho ataanza mwingine."

"Monari alijua?"

"Angeuliza ningemwambia!"

"Mkewe alikuwa anamwanulia mama yako mahindi hapa," alisema Awino. "Ulikuwa umesimama wapi?"

Mosoti alimfunga pingu, na kwa kuwa Willis aliomba asipitishwe mbele ya mama yake, wakampeleka garini bila kuaga. Chai ikabaki huko jikoni. Awino aliliwaza jambo hilo hadi Rongo, akaona kwamba kati ya yote aliyoyafanya siku hiyo, hilo la chai ndilo lililokuwa baya.

Lakini alikuwa na furaha pia, ile furaha ya mpelelezi fundo linapofunguka, na haikuweza kukaa kimya. Njiani alimpigia kiongozi wa mashtaka, wakaelewana kwamba shtaka la Monari linaondolewa. Kisha akampigia Ondieki, kaka ya marehemu. Mazishi yalikuwa Jumapili, na mtu hapaswi kuzuiwa kumzika mkewe.

"Shemeji yako hakuwa anakimbia," alimwambia. "Alikuwa kwenye sitini, na tuna shahidi."

"Sasa ni nini ilimuua dada yangu?"

"Gari. Zilikuwa mbili, zimeunganishwa nyuma ya viti vya mbele. Liliachana lenyewe. Aliyekaa mbele alikuwa salama. Aliyekaa nyuma hakuwa na lake."

"Ngoja," alisema Ondieki, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Ngoja, afande. Watu wote wa nyumbani wako hapa. Wamemlaani huyu mtu wiki nzima. Nimeweka sauti kubwa. Rudia wasikie wote."

Awino alirudia. Alisema kwa nguvu, neno kwa neno, na upande wa pili akasikia mwanamke akianza kulia na mwanamume akimshukuru Mungu.

Monari alikuwa ameketi kwenye benchi la seli na mgongo wake ukutani Awino alipomfungulia. Awino alikaa karibu naye, akamweleza yote: sumaku, Maranga, tuta la shule, mikaratusi, mama mzee. Alisubiri amwone mtu akitua mzigo. Monari alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua, uso wake ulikuwa mbaya kuliko wa asubuhi.

"Afande, nilikuwa nimekiri," alisema. "Kwa nini hukuniacha?"

"Kwa sababu haikuwa kweli. Sitini haiwi mia moja arobaini."

"Najua haiwi."

"Basi kwa nini ulisema?"

Monari aliitazama bendeji yake. Alikuwa mtu asiyezoea kusema mambo yake mbele ya wanawake wa serikali.

"Edinah hukaa mbele. Siku zote. Siku hiyo Nyamusi alilia tangu nyumbani kwamba anataka kukaa mbele, aone mshale wa spidi ukipanda. Nikamkatalia. Mama yake akasema, wacha mtoto, mimi nitalala nyuma kidogo. Tukabadilisha pale Ndhiwa." Alipangusa pua kwa mkono mzima. "Hospitalini aliniuliza kitu kimoja tu. Baba, ulikuwa unakimbia? Nikaona anavyoniangalia. Nikasema ndiyo. Akanipiga. Alinipiga mpaka muuguzi akamshika, na mimi nilikuwa nasema asante Mungu, ananipiga mimi."

Mosoti, aliyekuwa mlangoni, aligeukia korido.

"Ikiwa ni kasi, ni mimi," alisema Monari. "Atanichukia, atakua, ataolewa, ataendelea kunichukia. Hiyo naweza. Lakini ukisema nyuma ndiyo ilikatika yenyewe, na mbele ilikuwa salama, huyo mtoto ana akili, afande. Atajua kiti kilikuwa cha nani." Alimshika Awino mkono, jambo ambalo mahabusu hafanyi. "Andika unavyotaka huko kwa faili. Mfunge Willis. Lakini nyumbani kwangu isifike. Nani mwingine anajua?"

Awino aliitazama simu yake.

"Nani, afande?"

"Ondieki. Nilimpigia kutoka njiani, ili akuruhusu uzike."

"Nyamusi yuko kwake. Ondieki alikuwa peke yake?"

Alitamani kusema ndiyo. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutamani uongo namna hiyo. "Aliweka sauti kubwa," alisema. "Aliniomba nirudie, wasikie wote."

Monari aliuachia mkono wake. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaanza kuvaa koti juu ya bendeji, akakosa tundu la mkono mara ya kwanza, akakosa na mara ya pili, mpaka Awino akasimama na kumshikia. Asubuhi ile hakuna ambaye angemtoa mle ndani hata kwa kumbeba. Sasa alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nipelekeni," alisema. "Tafadhali, harakisheni. Mtoto asikae na hiyo peke yake."

Mosoti alikuwa ameshakimbia kuwasha gari.